Kifungu cha Tisa

Mto ulivunja kingo Jumapili mchana, watu wengi wakiwa kanisani, na hilo ndilo lililookoa roho zao. Walipotoka ibadani, laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi wa mkonge, iliyokuwa bondeni, nje kidogo ya mji wa Voi, haikuwapo tena. Nyumba sabini na mbili za udongo na mabati zilikuwa zimekwenda na maji, pamoja na kuku, vitanda, na cherehani ambayo Christabel Awiti aliitegemea kuwalisha watoto wake wawili na baba yake mzee.

Waliishi kwenye madarasa ya shule ya msingi kwa wiki saba. Shirika la misaada likawaandikisha, likawapa blanketi na unga. Shule ilipofunguliwa kila mtu akajitafutia pa kujisitiri. Wengi walirudi kulekule, wakasogea juu kidogo, wakajenga upya.

Mwaka uliofuata bunge la kaunti likaletewa Mswada wa Misaada ya Maafa. Ulisifiwa sana redioni. Mtu akibomolewa nyumba na mafuriko au moto, kaunti itamjengea nyingine ndani ya siku tisini. Christabel aliomba nakala kwa karani wa wadi, akaisoma polepole akiwa ameketi kwenye cherehani ya kuazima. Alipofika kifungu cha tisa alikirudia mara tatu. Kilisema kwamba atakayejengewa ni yule mwenye hati miliki ya ardhi aliyokuwa akiishi.

Katika laini nzima hakukuwa na mtu mwenye hati. Ardhi ilikuwa ya shamba la mkonge. Baba yake, Nicodemus Awiti, alitoka Siaya akiwa na miaka ishirini, akakata mkonge, akapandishwa cheo akawa nyapara, akastaafu, na akamzika mkewe hapohapo. Kwa kifungu cha tisa, mzee huyo hakuwahi kuishi popote.

Christabel aliwaita majirani akawasomea. Wakesho, aliyekuwa akiuza maharagwe sokoni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Christabel, hiyo ni serikali. Wakishaandika wameandika."

"Bado hawajaandika. Huu ni mswada. Wanazunguka wakitafuta maoni yetu."

"Wakishayapata wanayapeleka wapi?"

"Sijui," alisema Christabel. "Lakini mimi nitawapelekea."

Kwa miezi miwili alikuwa akishona asubuhi, na mchana anawafuata wawakilishi wa wadi mmoja mmoja. Alikwenda Mwatate, akapanda Wundanyi, akarudi, akaenda tena. Wakesho alianza kumsindikiza, kisha Mutinda, fundi wa baiskeli, kisha wakawa watu wanane na barua moja waliyoiandika pamoja. Wawakilishi wengine waliwapa chai na ahadi. Wengine waliwaweka kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Mwakilishi mmoja aliwatazama kwa zamu akasema, "Nyinyi ni watu wa kuja. Si mwende mkasaidiwe kwenu?"

"Mimi nimezaliwa hapa Voi, mheshimiwa," Christabel alimjibu. "Mama yangu amelala hapa. Ukinionyesha kwetu kwingine nitashukuru."

Yule mtu aliichukua barua.

Mwenye mswada alikuwa Mheshimiwa Ambrose, mwakilishi kutoka upande wa Taveta, mwalimu wa zamani mwenye sauti ya chini. Huyu hakuwatukana. Aliwakaribisha ofisini, akawasikiliza, kisha akavua miwani.

"Mama, mimi si adui yako. Wakati wa ukame ule mkubwa tulileta mahindi. Watu waliyabeba, tukaja kugundua wengine hata si wakazi. Walioumia kweli walibaki wakitazama magunia yakiondoka. Ndiyo maana nimeweka hati. Sasa ukiniambia niitoe, pahali pake niweke nini?"

Christabel aliona haya, maana alikuwa amejiandaa kupambana na mtu mbaya, na mtu mwenyewe alikuwa na swali la haki.

Alipofika nyumbani alimweleza baba yake. Mzee Nicodemus alikuwa akimenya mihogo, na hakuinua kichwa.

"Mwambie aniulize mimi," alisema.

"Akuulize nini, Baba?"

"Aniulize nani aliishi wapi."

Cheo cha baba yake kilikuwa kimemtesa Christabel tangu utotoni. Kwa miaka ishirini na miwili mzee alikuwa akipita laini yote alfajiri, akigonga kila mlango kwa fimbo, na asiyetoka alijua ujira wake wa siku umekatwa. Watu walimwita Kengele, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Shuleni Christabel alizomewa kwa ajili yake, na alipokuwa mkubwa alizoea kuwaambia watu kwamba baba yake alikuwa mkata mkonge tu. Sasa alimtazama mzee huyo na kisu chake, akahesabu moyoni milango ile yote, kila siku, miaka ishirini na miwili.

Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kilifanyika katika ukumbi mjini Voi. Ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kamati ilikaa mbele, Mheshimiwa Ambrose katikati. Zamu ya Christabel ilipofika, alisimama na karatasi yake, lakini hakuisoma.

"Waheshimiwa, mlituuliza tuweke nini badala ya hati. Tunaomba muweke majirani. Aliyepatwa na maafa asimame mbele ya baraza la wazi, chifu awepo, jina lake lisomwe, na majirani waseme kama aliishi pale. Mwenye kupinga apinge hapohapo."

"Majirani watatetea ndugu zao," alisema Mheshimiwa Ambrose.

"Basi mjaribu leo. Kamati inayo orodha ya shirika lililotuandikisha shuleni. Sisi hatujawahi kuiona, na baba yangu hajui kusoma. Muulizeni."

Wajumbe walinong'onezana. Hatimaye karani akatoa orodha, na Mzee Nicodemus akapewa kiti na kipaza sauti. Alikataa kiti.

Alianza na nyumba ya kwanza, iliyokuwa karibu na bomba la maji. Alitaja mwenye nyumba, mkewe, idadi ya watoto, na walikotoka. Akaenda ya pili. Alitaja nyumba ya tano ya mjane Tryphena ambaye mlango wake ulifungukia nyuma, na ya kumi na moja iliyokuwa na familia mbili. Hakuharakisha. Karani alikuwa akipiga alama kwa kalamu, na kila baada ya muda aliitazama kamati na kutikisa kichwa kukubali. Watu waliokuwa wakimwita Kengele walisikia majina ya watoto wao yakitajwa na mtu ambaye hawakujua kama aliwahi kuwajua. Wakesho alipotajwa, pamoja na mwanawe aliyefariki akiwa mchanga, alifunika uso kwa leso.

Mzee alimalizia nyumba ya sabini na mbili.

"Orodha yetu ina sabini na nne," alisema karani.

"Soma hizo mbili."

Karani alisoma jina la kwanza. "Huyo ni mwenye duka mjini," alisema mzee. "Alikuja shuleni siku ya unga." Watu wakacheka kidogo.

Karani akasoma la pili. Lilikuwa la Calvince. Calvince alikuwa mtoto wa dada yake Nicodemus, mtu mzima mwenye mke, aliyekuwa na kibanda cha vitunguu Miasenyi kando ya barabara kuu. Alikuwa amekaa humo ukumbini, safu ya tatu. Alikuja kuwaunga mkono.

Mzee Nicodemus alimtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Huyo ni damu yangu," alisema. "Mama yake na mimi tumenyonya ziwa moja. Anaishi Miasenyi. Mto haukumchukulia kitu."

Calvince aliinuka akatoka nje. Mzee alirudisha kipaza sauti, na Christabel akaenda kumshika mkono. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kila mtu ajue kwamba huyu alikuwa nyapara, na kwamba yeye ni binti yake.

Mheshimiwa Ambrose akamwambia karani aandike mapendekezo ya mama huyu neno kwa neno.

Siku ya kupiga kura walikwenda Wundanyi kwa gari la kanisa, wakaketi kwenye roshani ya wageni ambako hairuhusiwi kupiga makofi. Mheshimiwa Ambrose mwenyewe ndiye aliyesimama kuomba kifungu chake kibadilishwe. Mabishano yalikuwa makali, na baadhi walisema sheria hiyo sasa imefungua mlango kwa kila mtu. Marekebisho yalipita kwa kura kumi na saba dhidi ya kumi na tatu. Wakesho aliushika mkono wa Christabel akaufinya mpaka ukauma.

Hawakupata kila kitu. Mwanasheria wa bunge aliwaeleza baadaye, kwenye ngazi, kwamba sheria hairudi nyuma. Nyumba zao sabini na mbili zilikwenda kabla ya sheria, kwa hiyo hazingejengwa na kaunti. Mutinda aliuliza mara mbili ili awe na hakika. Kisha akasema, "Basi tumewapigania watu ambao hata hawajafikwa na jambo," lakini hakuna aliyeonyesha kujuta.

Calvince hakukanyaga kwao kwa miezi mitano. Alipokuja alileta gunia la vitunguu, akasalimia, akakaa karibu na mjomba wake. Hawakulizungumzia lile jambo. Walizungumza juu ya bei ya kukodi lori na juu ya mvua.

Masika yaliyofuata simu ya Christabel ililia kwa namba asiyoijua. Alikuwa na mteja, lakini akaipokea.

"Shikamoo, dada. Hunijui. Naitwa Dinah, niko Mata huku Taveta. Nyumba yangu ilibebwa na maji, na shamba ni la kukodi, sina hati. Juzi chifu ameita baraza, majirani wamesimama kunisemea. Leo mafundi wanaweka mabati. Nimeuliza nani alileta hiyo sheria, nikapewa namba yako."

"Marahaba," alisema Christabel. "Watoto wako salama?"

"Wako salama. Nilitaka tu kujua ni kina nani, niwataje kanisani."

Christabel aliweka chini gauni alilokuwa akilipinda, akamwomba mteja amngojee. Akatoka nje palipokuwa na mtandao mzuri.

"Una kalamu?" aliuliza. "Tuko wengi kidogo. Andika kwanza Nicodemus Awiti, nyapara."