Kibao cha Wifi

Katika karakana ya Bi Mkasi kila kitu kilipimwa kwa mwili wa Bi Mkasi, na Bi Mkasi alikuwa mrefu. Meza ya pasi ilimfika yeye kiunoni. Mke wa kaka yake, ambaye karakana nzima ilimwita Wifi, ilimfika kifuani. Ndiyo maana mumewe alimtengenezea kibao cha mbao nene cha kusimamia. Alikipanda asubuhi, akapiga pasi mashati kutwa bila kunyanyua bega.

Siku mnunuzi wa sare za shule alipotarajiwa, Bi Mkasi alizunguka akifokea kila uzi ulioanguka sakafuni. Akakiona kibao.

"Wifi, shuka jukwaani. Hotuba imekwisha."

Utani wa mawifi, nani angeukasirikia? Mafundi walicheka mpaka cherehani zikasimama. Wifi naye alicheka, akashuka. Kibao kikaenda kuzuia mlango wa stoo, ule usiokubali kukaa wazi.

Mnunuzi alipenda alichokiona, akaagiza mashati ya shule nzima. Kazi ikapamba moto, kibao kikabaki mlangoni. Wifi akawa anapiga pasi kwa ncha za vidole vya miguu, kiwiko kimeinuka usawa wa bega, na jioni anajikanda shingo. Tusimsingizie Bi Mkasi upofu. Alimwona, akajiambia oda ikiisha atarekebisha.

Oda haikuwa imeisha pasi ilipomponyoka Wifi, ikaunguza shati na nusura imuunguze mguu. Mkono wa kulia uligoma kupanda.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimuuliza meza inamfika wapi. Wifi akaonyesha kifua.

"Pasi inataka kiwiko kishuke, kiwe karibu na ubavu," alisema mtaalamu. "Wewe umekaa na mkono juu kutwa, bega limechoka na kuumia. Pumzika, fanya mazoezi, tuone kama nguvu itarudi."

"Na isiporudi?"

"Tuanze na mazoezi kwanza, mama."

Bi Mkasi alikuwa amekaa pembeni, mkoba wa Wifi mapajani. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Walipotoka nje akashindwa kujizuia.

"Wifi, mbona hukukichukua kile kibao? Kilikuwa pale pale mlangoni, unakipita kila siku."

"Ningekichukua mngecheka tena."

"Jamani, ulikuwa utani tu."

"Najua. Ndiyo maana sikuweza kukasirika."

Moyo ulimsuta Bi Mkasi njia nzima. Alipokwenda kumjulia hali nyumbani, alimkuta kaka yake akimfunga mkewe kilemba, kimekaa upande, wote wawili wakicheka. Walipomwona wakanyamaza. Kaka yake akamkaribisha kiti kwa adabu kama anavyokaribishwa mgeni, na adabu hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Akamwita seremala. Kila fundi akapimwa alipokaa, goti na kiwiko, viti vikapandishwa na vingine vikashushwa. Mlango wa stoo ukapata ndoano. Kibao alikisugua mwenyewe kwa sabuni, akakirudisha chini ya meza ya pasi.

Wifi aliporudi, cherehani zilinyamaza bila kuambiwa. Bi Mkasi alisimama mbele ya wote.

"Nilikosea mimi. Nilikuondolea kitu chako kwa kicheko, nikakuona unaumia nikanyamaza. Nisamehe."

"Yameisha, wifi."

Akapanda kibao. Meza ilimkaa vizuri, kiwiko kimeshuka ubavuni kama alivyoagiza mtaalamu. Akashika pasi kwa mkono wa kulia. Pasi ilisogea kidogo juu ya kola, ikakwama. Akajaribu kuinyanyua. Bega liligoma, pasi haikutoka kwenye kitambaa, mpaka Bi Mkasi akakimbilia kuchomoa waya ukutani.

Wifi aliiachia pasi, akashuka polepole.

"Hotuba imekwisha, wifi," alisema, akacheka. Safari hii alicheka peke yake.