Jeneza Lililopandishwa Bei Kaburini

Bwana Pole alikuja kabla hata viti vya kukodi havijarudishwa. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu muuza majeneza huyo alikupa pole popote alipokukuta, hata sokoni, hata ukiwa mzima wa afya unachagua nyanya.

"Poleni sana," alisema mlangoni. "Kuna jambo halikukaa sawa kwenye ile bei."

Kifungua alikuwa amechuchumaa uani akisugua masufuria ya msibani. Aliitwa hivyo tangu utotoni kwa kuwa ndiye kifungua mimba, na ndiye aliyekwenda kumchagulia baba yake jeneza. Alilipa bei aliyoikuta imebandikwa, bila kuomba punguzo, maana baba si fungu la mchicha.

"Halikukaa sawa vipi?"

"Lile lilikuwa la mvule. Tulilibandika bei ya msonobari kwa makosa. Mnaniongezea nusu nyingine, tunamalizana."

"Uliniona nikilipa. Ukaniandikia risiti, ukasema asante."

"Binadamu hukosea, mama."

"Kosea kwako, basi. Mimi nakaa kwenye kaunta ya duka la dawa. Nikikosea bei, tajiri ananikata mshahara. Hanitumi nikamdai mgonjwa kitandani."

"Dawa si jeneza."

"Kweli. Dawa hurudishwa."

Hapo pole zilimwisha. "Kama hutaki kulipa, nirudishie mali yangu!"

"Iko makaburini. Njia unaijua, nenda kapige hodi."

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati. "We mtoto, chunga ulimi!"

Bwana Pole akaona upenyo. Akapaza sauti ivuke ukuta hadi kwa majirani: "Mimi sitaki ugomvi! Ila mjue marehemu wenu kalala ndani ya deni!"

Akaondoka. Neno lake likabaki, nalo lilikuwa na miguu myepesi kuliko yake. Bombani wanawake walinyamaza Kifungua alipofika, wakaanza tena alipowapa kisogo. Kwenye kundi la mtaa la simu mtu aliandika kwamba siku hizi watu huzikwa kwa mkopo, akaweka na kicheko. Hata yule jirani aliyepika siku zote za msiba alikuja kuulizia mwiko wake, na aliuchukua bila kuketi.

"Lipa," baba mdogo alisema kila jioni. "Kaka yangu hakuwahi kudaiwa hata chumvi."

"Ndiyo maana silipi, baba. Nikilipa nitakuwa nimekiri kwamba alidaiwa."

"Wewe unataka kushinda. Mimi nataka kupita mtaani."

Siku yake ya mapumziko, Kifungua alikwenda ofisi inayosikiliza malalamiko ya wanunuzi. Alipokewa na mama mmoja mwenye mafua, leso mkononi, aliyeisoma risiti kisha akamkazia macho.

"Ulijua kwamba bei imekosewa?"

"Sikujua. Kwetu jeneza hatununui kila mwezi."

"Hukugusa kibandiko?"

"Sikukigusa."

"Basi biashara iliishia pale pale. Yeye ndiye aliyetaja bei. Wewe umelipa, yeye katoa mali. Kosa lake, hasara yake. Kukuomba anaweza, kukulazimisha hawezi. Na kukutangaza mdaiwa ni kosa jingine." Akachukua simu, akampigia Bwana Pole papo hapo, akaiweka sauti ya juu.

Bwana Pole alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. "Mheshimiwa, mbona wenyewe wameshakubali? Juzi wamenilipa robo ya nyongeza. Namngoja mzee amalizie."

Kifungua alichukua risiti yake. Hakuhitaji kuuliza ni mzee gani.

Alimkuta baba mdogo sebuleni. "Umempa pesa ya nani?"

"Yangu. Ile ya mabati ya nyumba yangu."

"Kwa deni ambalo halipo!"

"Kwa jina la kaka yangu."

"Jina la baba yangu umelipaka tope kwa mkono wako! Afisa anasema twende wote, ueleze kwamba ulitishwa, tuangalie kama pesa itarudi."

"Siendi kusimama ofisini niitwe mjinga."

"Basi hutaitwa. Utabaki na ujinga wako hivyo hivyo."

Mkono wa baba mdogo ulipanda, ukaganda hewani, ukashuka. Alikusanya nguo zake mle chumbani alimokuwa amelala tangu siku ya msiba, akatoka bila kuaga.

Ofisi ilimwita Bwana Pole. Alitakiwa kuandika kwenye kundi la mtaa kwamba familia ile haidaiwi, akaandika, kwa maneno machache yasiyo na pole hata moja. Robo aliyopewa hakuirudisha. Alisema alipewa kwa hiari, na aliyeitoa hakwenda kumkanusha.

Majirani walianza tena kumsalimia Kifungua, wengine kwa bashasha ya mtu aliyekukanyaga gizani. Shikamoo za watoto alizipokea. Salamu za wakubwa aliziacha zining'inie.

Nyumba ya baba mdogo, ng'ambo ya barabara, bado ina turubai upande mmoja wa paa. Mvua ikinyesha Kifungua husikia linavyopigwapigwa na upepo. Aliwahi kumtumia pesa ya mabati mawili. Ilirudishwa siku ile ile, bila neno.