Bati Ishirini na Jino Moja

Mwaka 1983 fedha peke yake haikununua bati. Ilibidi uwe na kibali, na kibali cha Magesa, mkulima wa pamba wa Nyamuswa, kilikuwa kinaisha Ijumaa. Bati ishirini. Duka la Musoma lilikuwa na foleni mbili, ya kulipa na ya kupokea mzigo, na mtu mmoja hawezi kusimama kote. Ndiyo maana Ijumaa hiyo alisafiri na mkewe Hyasinta. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa walikuwa wamesafiri pamoja kwenda misibani tu, na msibani mume hukaa na wanaume.

Saa sita duka lilifungwa hadi saa nane. Wakaingia mgahawani, wakapewa meza moja, ugali na sato wawili. Magesa akageuka kutafuta meza ya wanaume, haikuwapo. Kwao mume hula nje na ndugu zake, mke jikoni na watoto. Alipiga hesabu: milo ya jioni karibu elfu saba, na hakuwahi kumwona mkewe akila hata mmoja.

Sasa alimwona. Hyasinta alilowesha tonge kwenye mchuzi, akafumba macho, akalimeza bila kutafuna. Samaki hakumgusa.

"Una nini?"

"Jino tu."

"Tangu lini?"

"Tangu tuvune pamba."

Miezi mitano. Miezi hiyo yote Magesa aliwaambia watu kwamba mkewe amekuwa mtu wa kununa.

"Na hukusema?"

"Nilikuwaga nalia jikoni, Baba Wanzagi. Na wewe ulikuwaga unapiga kelele huko nje, 'Leteni mboga!'"

Mhudumu, aliyekuwa akifuta meza ya pili, akasema daktari wa meno hufunga saa tisa.

"Bati kwanza," Hyasinta akasema. "Jino halina kibali, haliishi muda."

"Paa likivuja unakinga sufuria. Jino utalikinga na nini?"

"Watu watatucheka."

"Wacheke. Inuka, Mama Wanzagi."

Kwa daktari walikuta foleni, wakawa wa mwisho kuhudumiwa. Jino lilipotoka ilikuwa saa kumi, duka limefungwa, na kibali kimebaki karatasi. Walirudi mikono mitupu kwa basi la Bunda, Hyasinta ameweka pamba mdomoni, Magesa akimsemea kwa kondakta.

Mwezi uliofuata Burito, mdogo wake Magesa, alichoka kumsubiri kaka yake nje waje kula. Akachungulia jikoni, akamkuta amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, matone ya mvua yakipenya kwenye nyasi za paa.

"Kaka! Siku hizi umekuwa mke mwenza wa shemeji?"

"Mvua inakunyeshea, ingia."

"Mwulize mwenzako kama anaruhusu wageni," Burito akamwambia Hyasinta.

Hyasinta alikuwa na hindi la kuchoma, analitafuna kwa upande uleule uliokuwa mbovu, na Magesa akampungia mdogo wake mkono anyamaze, apate kusikia.