Baiskeli Isiyosikika

Ummu alikuwa na mikono miwili ndani ya unga wa mtama aliposikia nduguye akiizungumzia baiskeli ya stima anayotaka kuinunua, kana kwamba yeye hayupo. Na alikuwa hapo hapo ukumbini, goti kwa goti na wifi yake Hadil, wakifanya kazi yao ya kila asubuhi: yeye kukanda na kuumba mikate ya mofa, Hadil kuibandika tanurini na kuuchunga moto. Nduguye Badawi kazi yake ilikuwa kuuza. Aliibeba kwa kapu kutoka Mkomani mpaka kwenye nyumba za wageni kule Shela, na siku hizi goti lilimuuma, na mikate ilifika imepoa.

"Haili mafuta," Badawi alikuwa akimwambia mkewe. "Waichomeka ukutani kama simu, basi. Na mikate itafika ina moto."

"Na betri ikifa?" aliuliza Hadil.

"Haifi leo."

"Sikukuuliza leo. Hapa Amu ni nani ataitengeneza? Na ile ndia ya Shela, bahari ikijaa si utapita ndani ya mai ya chumvi? Chumvi imekula komeo za mlango, ndiyo itaacha baiskeli?"

"Nitangoja maji yatoke. Bei yake kubwa, sikatai, na betri ni lazima ibadilishwe siku moja. Lakini goti hili je, lina duka la kubadilishwa? Na uzuri wake mkubwa, haina kelele hata chembe. Bi Nana hapo jirani aliyewafukuza watu wa pikipiki kwa ufagio, safari hii hatakuwa na neno."

Hapo Ummu akaitoa mikono ungani.

"Haina kelele," akasema.

"Haina, dada. Yapita kama paka."

"Na mimi?"

Ummu alipoteza macho akiwa mdogo, surua ilipompitia, na vichochoro vya Mkomani alivijua kwa masikio na kwa kiganja ukutani. Punda alimtambua kwa kwato, mkokoteni kwa magurudumu, pikipiki tangu ikiwa mbali. Akijibana pembeni, kinachopita kikapita. Hakushikwa mkono na mtu. Sokoni alikwenda peke yake, maulidini peke yake, na hilo alijivunia kuliko hata mikate yake.

"Nitafunga kengele," Badawi alisema hatimaye.

"Kengele hupigwa na aliyeniona. Pale kwenye kona ya msikiti utaniona kabla hujanifikia?"

"Basi utaizoea."

"Niizoee!" Damu ilimpanda kichwani. "Umepiga hesabu ya goti, ya betri, ya chumvi, mpaka ya masikio ya Bi Nana. Mimi ninayekanda hiyo mikate hukunikumbuka!"

"Dada, usiyakuze. Mtu hawezi kuacha riziki kwa sababu ya..."

"Kwa sababu ya nini? Malizia."

Badawi aliinuka, akatoka nje.

Baada ya swala ya alasiri Ghassan, kijana aliyeleta baiskeli hizo kutoka Mombasa, aliisukuma moja mpaka mlangoni kwao ili ijaribiwe. Ummu alivaa buibui lake, akatoka nje, akasimama kando ya ukuta.

"Ipande," alimwambia nduguye. "Nenda mbali, kisha uye hapa nilipo. Nikikusikia nitanyanyua mkono."

Majirani walitoka vibarazani. Ummu alitega masikio. Alisikia sufuria ikisuguliwa, watoto wa chuoni wakisoma Kurani kwa pamoja, redio juu ghorofani. Kisha akasikia kitu kikiburuta, akanyanyua mkono.

Watu waliangua kicheko. Zilikuwa kandambili za Bi Nana.

Uso ulimwaka. Alipogeuka upande wa kile kicheko, usukani ulimpiga ubavuni, akajigonga ukutani na kuchubuka kiwiko. Buibui likamteleza kutoka kichwani, mbele ya wanaume.

"Si nimekugusa tu!" Badawi alisema, akihema. "Ulipogeuka nilidhani umenisikia."

Ummu alilivuta buibui lake. "Nimesimama nikikungoja wewe, kwa masikio yangu yote, na bado umenigonga. Siku nisiyokungoja je?"

"Pole sana, mama," Ghassan aliingilia. "Lakini hizi za stima ziko dunia nzima. Ni poa tu, watu watazoea."

"Mimi si mamako. Na hapa si dunia nzima. Hapa ni Mkomani, punda wawili wenye mizigo hawapishani."

Aliingia ndani. Jioni Hadil alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba Badawi ameinunua. Alishatoa ahadi, na kurudi nyuma aliona aibu.

Alfajiri iliyofuata Ummu hakugusa unga. Aliswali, akakaa kitandani. Badawi alikanda mwenyewe; mkate ulimvunjikia mikononi kama mchanga mkavu. Alipomgeukia mkewe, Hadil alimjibu, "Kazi yangu mimi ni moto." Simu za Shela zililia mchana kutwa. Kesho yake vilevile. Baiskeli mpya ilikaa ukumbini, imejaa chaji, haina mzigo.

Hata siku ya tatu Badawi akaja kuketi karibu na kitanda cha dadake.

"Wataka niirudishe? Ghassan hataipokea."

"Sijasema uirudishe. Goti lako ni la ndugu yangu, laniuma na mimi. Huko nje ipande, nenda Shela, nenda hata Kipungani. Lakini humu vichochoroni utashuka, uisukume."

"Na mzigo wote ule? Kila siku? Watu watanicheka!"

"Mimi walinicheka. Uliwakataza?"

"Sikuwakataza," akasema.

"Basi sukuma."

Akawa anasukuma, huku akinung'unika, mpaka atokee ufukweni. Mikate ilifika Shela ina moto. Ummu alirudi kwenye unga, lakini hakuwa na bashasha ya zamani na nduguye, na Badawi naye hakuidai.

Ghassan aliuza nyingine mtaani, kwa watu ambao Ummu hakuwakandia mkate, wala hakuwa na cha kuwanyima. Siku moja, akielekea sokoni, upepo ulimpita begani na kitu kikamkwaruza buibui.

"Shuka!" alipiga ukelele, hata madirisha ya juu yakafunguliwa. "Wewe, shuka!"

Breki zililia. "Samahani, Bi, sikukuona..."

"Una mato mawili na hukuniona! Shuka, usukume!"

Aliifuata sauti, akasimama mbele ya gurudumu, mikono kiunoni. Kijana alibishana, akaapa, akasema amechelewa. Ummu hakusogea. Nyuma yao watu walianza kurundikana, na safari hii hakuna aliyecheka. Hatimaye akasikia viatu viwili vikigusa chini. Ndipo akampisha, akaendelea na safari yake ya sokoni, kiganja ukutani.