Dakika Arobaini za Mzee Wabwile

Jentrix alikuwa akishona mfuko wa sare ya shule kibandani kwake Tuwan, Kitale, muuguzi, sista Fridah, alipompigia simu kutoka hospitali moja ya Bungoma. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na robo asubuhi.

"Tumempima baba yako," Fridah alisema. "Ataishi hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi kamili. Daktari wa kupasua huja siku hiyo hiyo, lakini hajawahi kuingia kabla ya saa tatu na dakika arobaini."

"Hawezi kuja mapema?"

"Yeye ni mmoja na hospitali ni sita. Si ulete dakika, bana."

Jentrix alimaliza mfuko, akakata uzi. Dakika alijua zinakopatikana. Jirani yake, mwalimu Kipngetich, ana saa ya chesi ya mbao, na mtu akishinda mchezo wa dakika tatu, muda aliobakiza hutoka chini ya saa hiyo, vuguvugu, akaenda nao nyumbani. Wengi pale Tuwan huutumia kulala kidogo kabla ya kanisa.

Shida ni kwamba Jentrix alikuwa hashindi. Baba yake, Mzee Wabwile, alimlea kwa drafti ya vifuniko vya soda kule Kanduyi, na kwa drafti ukiachiwa kete ni lazima uile. Ukikataa, yako inatolewa ubaoni. Basi kwenye chesi naye alikula kila alichoachiwa. Alikula farasi wa mtego, akala askari wa mtego, mfalme wake akazingirwa. Ijumaa na Jumamosi alicheza michezo thelathini, akarudi na sekunde kumi na nane ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya Kasuku. Alilia, tena si kidogo.

"Ati lazima ule kila kitu?" Kipngetich alimwambia. "Hebu fanya mafumbo kwanza."

Mafumbo yalikuwa kwenye simu: ubao umeshapangwa, kazi yako ni kutafuta hatua moja iliyo bora. Jentrix aliyafanya hapo kwa cherehani, fumbo moja kila akimaliza pindo, na karibu yote akayakosa. Jumatatu mchana alikuta malkia ameachwa bure kabisa. Mkono ulimwasha hadi akaukalia. Kwa mkono ule mwingine akasogeza ngome, na jibu likawa sahihi.

"Kumbe naweza kuacha!" akasema. Mteja aliyekuwa akisubiri sketi akampa hongera.

Kuanzia hapo dakika zikaja, moja na nusu, mbili kasoro. Jumatano jioni zilikosekana mbili tu kutimia arobaini. Kipngetich akamwachia malkia wake katikati ya ubao. Jentrix akampita tu, akamfunga mfalme kwa farasi.

"Ai! Na vile nilikuwa nimemtega vizuri," mwalimu akasema, akamsaidia kufunika mkebe.

Alhamisi saa tatu kamili, kule hospitalini Bungoma, Mzee Wabwile akaanza kufa. Fridah akamwaga dakika zote kifuani pake, akazisambaza kwa kiganja. Mzee akafungua macho, akauliza kama kuna chai. Binti yake akamsimulia habari za malkia ili asilale.

"Ukamwacha?" mzee akauliza. "Nani alikufunza hivyo?"

"Hata si wewe, Baba."

Daktari aliingia saa tatu na dakika arobaini, viatu vimejaa vumbi la hospitali nyingine. Adhuhuri mzee alikuwa ameshonwa, anakoroma. Jentrix alikaa kwenye benchi. Alikuwa anacheka peke yake, na furaha ikamtoa machozi.

Siku mzee aliporuhusiwa kwenda nyumbani walikuta tangazo jipya langoni. Ofisi ya hospitali ilisema mpango wa dakika umefanya kazi vizuri sana, kwa hiyo daktari ameongezewa hospitali ya saba na sasa atakuwa akifika saa nne na nusu. Kila mgonjwa wa Alhamisi aje na dakika zake, zisipungue tisini, kwenye chombo chenye kifuniko. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakinakili hiyo tisini kwenye viganja vyao, na mmoja akaomba kuazimwa kalamu.