Namba Juu ya Mkono

Mwalimu wa usanifu wa mitambo alikuwa na mtihani mmoja usiohitaji karatasi: kila mwanafunzi achonge mkono wa kubebea mzigo, wa plastiki ngumu, ufungwe ukutani kwa bolti, kisha utundikiwe kilo ishirini. Ukihimili, umepita. Ukikatika, kwaheri ya kuonana.

Kwa Dada Mkubwa, kama darasa lilivyomwita kwa kuwa alikuwa anarudia mwaka, kwaheri hiyo ilikuwa ya kweli. Akifeli tena, chuo kinamfuta. Alilijua hilo kama mtu anavyojua kuwa leo ni Jumanne. Hofu ilimwisha mwaka jana, pale namba yake ya mtihani aliyoiandika kwa wino kwenye kazi ilipofutika na kazi yake ikapotelea kwenye rundo la wenzake. Safari hii aliikwangua kwa msumari, akaizamisha haswa, upande wa juu wa mkono, karibu na pale utakapofungwa ukutani, hata kipofu aione.

"Dada Mkubwa, umeandika au umelima?" rafiki yake wa chumba kimoja cha hosteli alimtania.

"Nimelima. Nangoja mvua."

Hesabu zake zilikuwa safi. Kona alizizungusha, unene aliuongeza. Fundi wa maabara akakaza bolti, akaanza kutundika vyuma vya mizani kimoja kimoja, taratibu. Zilipobaki kilo mbili tu, pa! Nusu ya mkono ikawa sakafuni.

Mwalimu aliokota kipande, akampa. "Umeanzia wapi kupasuka, mwanangu?"

Akatazama. Ufa ulikuwa umepita katikati ya namba yake.

"Kwenye mkwaruzo, mwalimu. Mzigo ukivuta chini, upande wa juu ndio unaotanuka. Mkazo umejikusanya pale nilipokwangua."

"Na ungekwangua upande wa chini?"

"Huko kunabanwa tu. Ungehimili."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Sijapata jibu zuri kama hilo leo. Lakini kilo ni kilo, mama."

"Sawa, mwalimu. Asante."

Alisubiri moyo useme chochote. Moyo ulikuwa kimya kama simu iliyoisha chaji. Nje, kwenye ngazi, rafiki yake alimkumbatia, akaangua kilio, machozi na kamasi vyote begani kwake.

"Sasa mbona ninayelia ni mimi?"

"Lia tu, mdogo wangu. Ukimaliza, unisaidie kushusha godoro."