Zege la Wodi ya Wazazi

Saruji ilikuwa imemla Dorika vidole hadi kucha zikalegea. Alivifunga kwa vipande vya kanga kuukuu, akajitwika ndoo ya zege, akapanda ubao uliolazwa kwenye nguzo za mirunda hadi alipokuwa fundi Athanas. Athanas aliipokea ndoo, akaimwaga juu ya ukuta, akairudisha tupu. Tangu asubuhi walikuwa hivyo. Chini, mbele ya wodi ya wazazi waliyokuwa wakiijenga, kibao kilieleza kuwa mradi ni wa fedha za serikali.

Ni Athanas aliyemleta Dorika pale. Walisali jumuiya moja huko Ushirombo, na yeye ndiye aliyemsimamia ubatizo mtoto wa mwisho wa Dorika. Mume wa Dorika alipofukiwa na kifusi akafa kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, Athanas alimwendea msimamizi na kumwambia huyu mama ni mchapakazi.

Wakati wa chakula, wakila makande kivulini, ni Athanas huyo huyo aliyezoea kulalamika. "Tunasaini malipo ya serikali, tunapewa nusu," alikuwa akisema. "Huu ni wizi. Akija mtu wa kuuliza, nitamwambia mimi mwenyewe." Dorika alimsikiliza kama anavyosikilizwa katekista.

Mtu wa kuuliza alikuja Alhamisi. Asubuhi hiyo Cornel, msimamizi wa mkandarasi, aligawa kofia ngumu na vizibao vipya vya reflekta ambavyo hawakuwahi kuviona, akawapanga mstari.

"Afisa kazi anakuja," alisema. "Akiwauliza, mnalipwa kima cha serikali. Tukimaliza hapa tuna shule ya kujenga Nkome. Anayejua kujibu tutakwenda naye." Kisha akamsogelea Athanas, akashusha sauti. "Mzee, wewe nakutegemea. Kwa umri wako huo, wapi tena watakuchukua?"

"Nimeelewa, bosi," alijibu Athanas. Cornel alikuwa rika la mwanawe wa mwisho.

Afisa alifika kwa gari la mkandarasi, kijana mpole mwenye viatu safi. Alizunguka jengo, akapiga picha, akasimama mbele ya mstari. Cornel hakubanduka ubavuni pake.

"Mnalipwa vizuri?"

"Vizuri," mstari ukaitikia.

"Hapana," alisema Dorika. Hakupaza sauti. "Tunasaini malipo ya serikali, tunapewa nusu. Huu ni wizi."

Athanas aliyasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine. Dorika aligeuka kumtazama. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa kama mtu aliyeanzisha wimbo kanisani, anangoja wenzake wapokee.

"Mzee, wewe ndiye fundi mkuu," afisa alisema. "Ni kweli?"

Cornel alitazama saa yake.

"Huyu mama," alisema Athanas, "tangu afiwe na mumewe hayuko sawa. Anasemasema tu. Tunalipwa."

Kutaja habari ya mume hakutumwa na mtu. Ilimtoka yenyewe, na ndiyo iliyofanya kazi. Afisa alitikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, mama," alimwambia Dorika, akafunga kalamu.

Chakula cha mgeni kiliandaliwa chini ya turubai, wali na kuku. Cornel alimwita Athanas aje ale nao. Akaenda. Akanawa, akala paja zima, ameligeuzia geti mgongo, kwa sababu pale getini Dorika alikuwa akimrudishia mlinzi kofia na reflekta, amefukuzwa kazi. Jioni mkewe, Agnetha, alimwuliza mbona hali. Akasema ameshiba. Jumamosi hakwenda jumuiya, alisingizia mgongo.

Jumatatu, kazi ikiwa imepamba moto, Cornel aliwasimamisha wote. "Shukeni. Kuna mama ana neno."

Dorika alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alipiga magoti mbele ya Athanas.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilimdanganya mgeni, nikakuaibisha wewe uliyenileta hapa. Watoto wanalala njaa. Nakuomba unisemee kwa bosi, nirudi."

Athanas alitafuta kejeli usoni mwake. Aliitamani. Hakuiona.

"Atarudi kwa pungufu kidogo ya alichokuwa akipata," alisema Cornel, "ili ajifunze. Lakini aliyekosewa ni wewe, mzee. Unamsamehe?"

Vibarua walisimama na makoleo yao. Hakuna hata mmoja kati yao asiyejua ukweli. Athanas alifungua kinywa, akaona jinsi wote walivyoinamisha macho, wakimwomba kwa macho yale yale asiseme kitu cha kuwaharibia. Dorika naye alikuwa bado chini, magoti kwenye kokoto.

"Nimemsamehe," alisema.

Cornel akaanzisha makofi, wengine wakafuata. Dorika aliinuka, akashukuru kila upande. Akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka juu ya rundo la matofali visichafuke, akapandisha gauni hadi magotini na kuingia kwenye zege peku.